Unga Haupakwi na Jirani

Kengele ya Shule ya Wasichana ya Chemchemi, pale Mtwara, ilikuwa rimu ya gurudumu la lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mkorosho. Mpishi alipoigonga kwa nondo alfajiri, hakuna aliyeweza kusingizia kwamba hakusikia. Wasichana waliruka kutoka vitandani, wakatandika, wakashika ndoo na kupanga foleni bombani. Aliyechelewa alikuta maji yamebaki matone, akanawa uso kwa vidole viwili kama paka.

Graca hakuchelewa hata siku moja. Bidii alikuwa nayo, lakini si bidii iliyomwamsha. Rimu ilipolia yeye alikuwa macho kitambo, amelala chali, akikumbuka kwao.

Mwaka ule wa 1975, Chemchemi ilikuwa shule ya wateule. Kila mkoa ulitoa wasichana wachache waliofaulu kuliko wenzao wote, wakapakiwa kwenye mabasi, treni na meli, wakaja kusoma pamoja huku kusini. Kwa hiyo darasani kulikuwa na akili nyingi, na bwenini kulikuwa na njaa za kila namna. Theresia, aliyetoka Bukoba, aliwalilia senene, wale panzi wa kukaanga. Agnes wa Moshi, kiranja wa bweni, aliutamani mtori wa ndizi wa mama yake hata ikawa akinywa uji hufumba macho ili ajidanganye.

Graca alitoka karibu kuliko wote. Kijiji chao kilikuwa kandokando ya mto Ruvuma, safari ya siku moja kwa lori barabara ikiwa kavu. Lakini sheria ya shule ilikuwa moja kwa wote: hakuna kwenda nyumbani mpaka likizo ya mwisho wa mwaka. Wa Bukoba alijua kwao ni mbali, akakata tamaa na kulala usingizi. Graca alijua kwamba malori yanayopita barabara ya chini, yale yanayotimua vumbi jioni, mengine yangefika kwao kabla hajamaliza masomo ya kesho. Ndiyo maana aliumia zaidi.

Aliyemtamani ni mtu mmoja tu, Bibi Madalena, mama wa baba yake. Vita vya ukombozi vilipopamba moto ng'ambo ya mto, huko Msumbiji, mama yake Graca alikuwa amekwisha kufariki na baba yake, Custodio, alikwenda kupigana. Bibi alimfunga mjukuu mgongoni, akavuka naye Ruvuma kwa mtumbwi, akaanza maisha upya upande wa Tanzania kwa jembe moja. Graca alikua akinusa tumbaku ya bibi yake na kusikia Kimakonde chake kuanzia asubuhi hadi usiku. Sasa alilala peke yake kwenye kitanda cha chuma, na harufu pekee bwenini ilikuwa ya sabuni ya mche.

Bibi Madalena alikuwa Mmakonde wa zamani. Mashavuni alichanjwa nembo, mistari iliyopandana kama makuti ya paa. Kwenye mdomo wa juu alivaa ndonya, kipande cha mti mweusi cha mviringo. Wasichana wa zama zake walitobolewa mdomo ili wakivae, na asiyekuwa nacho hakuhesabiwa mzuri. Graca alipokuwa mdogo alidhani mabibi wote duniani wana ndonya, kama majogoo wote walivyo na vishungi.

Chemchemi ndiko alikojifunza kwamba sivyo. Siku moja ya Jumamosi wasichana walipelekwa mjini kununua daftari, wakapita mbele ya kibanda cha wachonga vinyago. Pale palikuwa na kinyago cha mwanamke mzee mwenye nembo na ndonya. Agnes alisimama akakitazama, akaangua kicheko.

"Jamani, tazameni mdomo! Kama kifuniko cha chungu! Hivi kweli kuna watu wa namna hii?"

Wenzake walicheka, na Graca akacheka pamoja nao. Alicheka kwa sauti, ili asije akaulizwa kwa nini hacheki.

Wiki hiyohiyo, walipokuwa wakifua nguo nyuma ya bweni, kila mmoja alianza kusimulia habari za kwao. Ungewasikiliza wale wasichana ungedhani hakuna aliyezaliwa kwenye nyumba ya udongo. Baba wa huyu alikuwa na gari, mjomba wa yule alikuwa na duka la ghorofa. Zamu ya Graca ilipofika, maneno yalimtoka yenyewe.

"Mimi nimelelewa na bibi yangu. Ni mkunga wa misheni. Anavaa gauni jeupe na viatu vyeupe."

"Kumbe!" alisema Theresia. "Ndiyo maana una akili."

Graca aliinama akafua shati lake lililokuwa limekwisha kutakata. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imebakiza Jumapili chache tu.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ilikuwa siku ya wageni. Wageni wenyewe walikuwa haba, maana nani atoke Bukoba kuja kumsalimu mtoto Mtwara? Kwa hiyo akija mgeni wa mmoja, bweni zima lilitoka kumtazama, ili angalau lione sura ya mzazi wa mtu.

Jumapili ile ya Agosti, mtoto wa mlinzi alikuja akipiga mbio. "Graca Custodio! Una mgeni!"

Alitoka mbio, na Agnes, Theresia na wengine wakamfuata. Getini, kando ya mlezi wa bweni, alisimama Bibi Madalena. Alijifunga kaniki mpya, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, mkononi ana kapu lililofunikwa jani la mgomba. Jua lilimpiga usoni. Nembo zilionekana zote, na ndonya ikaonekana.

Nyuma yake Graca alisikia mmoja wa wasichana akibana kicheko puani. Agnes akamnong'oneza, "Ni nani huyu? Ni wa kwenu?"

Hapo ndipo Graca alipopaswa kupiga hatua chache tu akamkumbatia mtu aliyemlilia tangu Januari. Badala yake alisimama palepale. Mlezi wa bweni, Bi Somoe, mama wa Mikindani mwenye ushungi na macho yasiyopitwa na jambo, naye akauliza kwa upole, "Graca mwanangu, mgeni wako huyu ni nani yako?"

"Ni jirani," alisema Graca kwa Kiswahili, akitazama chini. "Jirani yetu wa kijijini. Bibi yangu amemtuma."

Bibi Madalena hakuwa na Kiswahili kingi, lakini neno hilo alilijua. Alimtazama mjukuu wake, akawatazama wasichana waliosimama nyuma katika sare zao safi, akaelewa. Siku zote alizungumza na Graca kwa Kimakonde. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti, ili wote wasikie.

"Ndiyo. Mie jilani tu. Bibi yake anasalimu sana."

Aliweka kapu chini, akafunua jani. Ndani mlikuwa na ming'oko, vile vizizi vya porini ambavyo watu wa kusini huvichimba wakati wa kiangazi na kuvichemsha kwa chumvi.

"Bibi yake amechimba mwenyewe. Amesema, mpe ale na wenzake." Akaendelea, akichagua maneno mojamoja. "Kule kwetu sasa uhulu umepatikana. Baba yake ameita watu waludi. Mie napanda loli jioni hii, hapo sokoni. Kesho bibi yake anavuka Luvuma. Haludi tena huku. Mtoto abaki asome. Akija likizo, afikie kwa Luisa, shangazi yake, pale pale kijijini."

Graca aliinua macho. Bibi alikuwa amekuja kuaga.

"Bibi yake amesema nimtazame vizuli kwa macho yake," alisema mzee, akamtazama. Kisha mkono wake ukaenda kwenye pembe ya kaniki, palipokuwa na fundo dogo.

Graca alijua kilichomo ndani ya fundo lile. Kwao, mtu anapoagana na ndugu kwa safari ndefu, mkubwa wa ukoo huchukua unga wa mtama, akampaka kidogo kwenye paji la uso huku akiwataja waliotangulia ili wamlinde. Baba yake alipakwa alipokwenda vitani. Lakini unga ule hupakwa na wa damu tu. Haupakwi na jirani. Jirani akiupaka ni mzaha, tena mzaha wa kuleta mkosi.

Vidole vya bibi viligusa fundo, vikasita. Akaliachia, akashusha mkono.

"Haya. Kwahelini, wanangu," alisema, akageuka. Alikwenda taratibu kando ya barabara, na hakutazama nyuma.

Bwenini, ming'oko ilikwisha upesi. Theresia alikuwa hajaiona maishani, na mwanzoni aliidhani mizizi ya dawa. Alipoonja alilamba vidole. "Kumbe huku kusini mnaficha vitu!" alisema. Agnes alimenya wa kwake, akautafuna akiwa na mawazo.

"Jirani yenu ana moyo," alisema. "Safari yote hiyo kwa ajili ya mtoto wa mwenzake! Bibi yako naye, si angekuja mwenyewe tu? Au wakunga hawapewi ruhusa?"

Graca hakula hata mmoja. Alikaa ukingoni mwa kitanda akajaribu kujituliza. Bibi ameelewa, alijiambia. Amenisaidia, hakukasirika. Lakini kila alipojiambia hivyo aliuona mkono ule ukiachia fundo. Bibi angevuka mto na unga wake, na mjukuu angebaki huku bila baraka ya mtu yeyote, kama mtoto wa kuokotwa. Mto ule si wa kuvuka na kurudi kila mwezi. Bibi alikuwa mzee. Huenda leo ndiyo ingekuwa mara ya mwisho, na mara hiyo ya mwisho yeye Graca alimwita jirani.

Aliinuka akaenda chumbani kwa mlezi. Bi Somoe alikuwa akishona kifungo cha gauni.

"Bi Somoe, shikamoo. Naomba ruhusa niende sokoni."

"Marahaba. Sokoni kuna nini Jumapili?"

"Nataka kumuaga yule... yule jirani yetu."

Bi Somoe alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Ruhusa ya kutoka hutolewa kwa ajili ya mzazi, Graca, au mtu aliyekulea. Nikianza kutoa ruhusa za majirani, shule itabaki na mimi na mpishi."

Graca alisimama pale akisokota pindo la sketi. Kisha machozi yakamshinda.

"Si jirani! Ni bibi yangu. Ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenivusha mto mgongoni."

Mlezi hakushtuka. Aliweka gauni kando. "Nilishangaa," alisema. "Nikajiuliza, ni jirani gani anayemtazama mtoto wa mwenzake namna ile? Haya, futa kamasi. Lakini sheria ya kutoka unaijua."

Graca aliijua. Wasichana hutoka watatu watatu, na mmoja wao lazima awe kiranja wa bweni.

"Basi nakuomba, Bi Somoe, umwambie Agnes..."

"Mimi? Mimi sikumdanganya Agnes. Nenda kamwambie mwenyewe, tena fanya haraka. Lori halisubiri aibu ya mtu."

Agnes alikuwa akipiga pasi ya mkaa, na Theresia amekaa karibu naye akisubiri zamu. Graca alisimama mbele yao, akasema yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayemeza kwinini: kwamba hakuna mkunga wala gauni jeupe, kwamba yule wa getini ndiye bibi, na kwamba anaondoka jioni hii.

Agnes alibaki na pasi mkononi. "Kwa hiyo siku ile, pale kwa wachonga vinyago, ulikuwa unamcheka bibi yako?"

"Nilicheka."

"Na mimi ndiye niliyeanza." Agnes aliweka pasi chini. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu, na mara ile aibu ikageuka hasira. "Lakini wewe Graca! Mimi bibi yangu yuko Moshi. Tangu nije hapa sijamsikia hata akikohoa. Ningepewa leo nimwone dakika moja, hata angekuja amevaa gunia ningemrukia. Wako ametembea mpaka getini, ukamwita jirani!"

Theresia ndiye aliyeinuka kwanza. "Mtagombana njiani," alisema. "Vaeni viatu."

Walikwenda nusu wakitembea, nusu wakikimbia, wakapita nyumba za mtaa wa Ufukoni, wakakata kona mpaka sokoni. Lori lilikuwa bado lipo. Lilijaa watu wa ng'ambo wanaorudi kwao, na mikeka, majembe, kuku waliofungwa miguu, na cherehani moja iliyoshikwa na mwenyewe kama mtoto mchanga. Watu walikuwa wakiimba. Injini ilikuwa imekwisha kuwashwa.

"Bibi!" aliita Graca. Mabibi watatu waligeuka, hakuna aliyekuwa wake. "Bibi Madalena!"

Alimwona. Alikuwa amekaa juu, ameegemea gunia, anatazama upande wa pili. Aliposikia jina lake aligeuka, akamwona mjukuu, na uso ukang'aa mara moja. Kisha akawaona Agnes na Theresia wamesimama nyuma yake, na ule mwanga akauzima. Akajibu kwa Kiswahili.

"Umesahau nini, mtoto wa jilani?"

Neno lile lilimchoma Graca kuliko fimbo. Bibi alikuwa bado anamlinda. Angevuka mto akiwa bado anaubeba uongo wa mjukuu wake, kama alivyombeba yeye zamani.

Graca alishika ubavu wa lori, akasema kwa sauti iliyowashinda waliokuwa wakiimba. "Mimi si mtoto wa jirani! Wewe ni bibi yangu, mama wa baba yangu. Nilisema uongo kwa sababu niliona aibu. Nisamehe, bibi." Kisha akayarudia yote kwa Kimakonde, na safari hii sauti ikakatika katikati.

Bibi Madalena akauliza kwa Kimakonde, "Na hao wenzako wamesikia?"

"Wamesikia. Nimewaambia kabla hatujaja."

"Basi nishusheni," alisema mzee kwa watu wa kwenye lori.

Dereva alipiga honi. Bernardino, kijana aliyekuwa akipakia mizigo, alimwambia, "Tulia wewe, Luvuma haikauki leo." Mikono mingi ilimshusha bibi mpaka chini. Alifungua fundo kwa meno na vidole, akachota unga, akampaka Graca kwenye paji la uso. Akawataja wazee wao mmoja mmoja, wengine Graca akiwajua, wengine akiwasikia kwa mara ya kwanza. Mwisho akamtaja mama yake. Graca aliinamisha kichwa begani pa bibi yake, akavuta ile harufu ya tumbaku, akalia bila kujali nani anamtazama.

Agnes alisogea, akapiga goti kidogo kama wanavyosalimia wakubwa kwao. "Shikamoo, bibi. Mimi ndiye niliyecheka. Nisamehe."

"Malahaba, mwanangu. Kucheka kumekwisha." Bibi alimtazama, akamtazama na Theresia. "Bibi zenu wako wapi?"

"Mbali sana," alisema Theresia.

Bibi alifunga tena fundo lake. "Mie siwezi kuwapaka. Unga wenu uko kwa bibi zenu. Siku wakija nao, msiwaache waondoke nao."

Alipandishwa tena, na lori likaondoka. Graca alilitazama mpaka vumbi lilipotua. Hamu ya kwao haikupungua hata chembe. Pengine iliongezeka, maana sasa kwao kwenyewe kulikuwa kumehamia ng'ambo. Lakini ule uongo aliokuwa ameubeba haukuwapo tena.

Bi Somoe aliwangoja getini. Aliuona unga kwenye paji la uso wa Graca, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sikilizeni, nyote watatu," alisema. "Mmeletwa hapa kwa sababu ya akili, na akili ni kitu chema. Lakini hakuna aliyefika hapa kwa akili zake peke yake. Yupo aliyelima, yupo aliyefua, na kuna mgongo uliombeba mtu akavuka mto. Huyo ukimwonea aibu, akili zako zitakufaa nini? Mkana kwao ni mtumwa. Tena wewe Agnes, anayecheka asili ya mwenzake ndiye anayemfundisha kukana. Shule hii imewachanganya ili mjuane, si ili mfanane." Kisha akakunja uso. "Na kwa kuwa ulinidanganya mimi mlezi wako, Graca, wiki hii utasugua masufuria ya jikoni."

"Ndiyo, Bi Somoe."

"Nitamsaidia," alisema Agnes.

Jioni ile, kwenye foleni ya chakula, msichana mmoja wa kidato cha pili alimgusa Graca bega. "Hebu futa uso, una unga."

"Siufuti. Amenipaka bibi yangu."

"Bibi yako yupi? Yule mkunga?"

"Hapana," alisema Graca. "Yule mwenye ndonya."

Akasogea mbele, akanyoosha sahani yake.